JANI LA MTANGO HALIKAUKI BURE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nami, bila ya kuwakosea wahenga heshima, naongeza kwamba dalili ya tango ni jani. Mtango wenye majani mabichi hukupa matango. Mtango uliopukutika majani hukupa kamba tupu zilizolala mchangani, basi.

Nimeshika kalamu kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu katika shule hii ya kutwa tuna vibustani nyumbani, na matango ni miongoni mwa mboga zinazotuletea riziki, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo kachumbari haikosi kwenye sinia. Pili, kila majani yanapoanza kukauka, jibu la watu huwa ni moja tu: "Kanunue dawa." Ati dawa! Dawa ya nini? Mtu aumwaye kichwa na mtu aumwaye tumbo hawapewi kidonge kimoja. Isitoshe, hapa visiwani dawa ikimwagwa ovyo huweza kuishia mahali ambapo hatutaki iishie, yaani kisimani.

Kwa hivyo haja yangu ni kukuonyesha namna ya kulisoma jani kabla ya kufungua mfuko wa pesa. Ukilisoma vyema utagundua kwamba kwetu sisi mtuhumiwa wa kwanza wa kuchunguzwa si mdudu. Ni maji.

MTANGO NI MMEA WA NAMNA GANI?

Asili ya mtango ni Bara Hindi. Ni wa ukoo mmoja na mtikiti, mboga ya maboga na mmumunye. Huu ni ukoo wa mimea itambaayo, yenye majani mapana na mizizi mingi iliyo karibu na uso wa ardhi. Tango lenyewe ni maji takriban asilimia 95. Hebu fikiria: ukilikata tango la gramu 300, karibu gramu 285 ni maji matupu! Mmea wenye kubeba maji kiasi hicho hauwezi kustahimili kiu, wala hauwezi kunywa maji mabaya ukanyamaza.

Jani ndilo jiko la mtango. Walimu wetu wametufundisha juu ya usanisinuru, yaani jani hutumia mwanga wa jua, hewa na maji kupika chakula cha mmea. Jani lina kazi nyingine pia. Hulifunika tango lisichomwe na jua, na hupitisha mvuke ambao huuburudisha mmea wakati wa joto. Majani yakianguka mapema, matango hubakia madogo, hupinda, na mengine huwa machungu. Si ajabu mnunuzi sokoni akaonja kipande kisha akaenda zake.

Hata hivyo, si kila jani likaukalo ni ugonjwa. Mtango hauishi miaka. Aina nyingi huanza kuvunwa kati ya siku 50 na 60 tangu kupandwa, na maisha yake yote huwa kama miezi mitatu hivi. Majani ya chini kabisa huzeeka mapema, yakawa manjano moja moja, yakadondoka. Huo ni uzee. Mzee hapigwi dawa ya wadudu! Jambo la kutisha ni majani kukauka mengi kwa pamoja, au majani machanga ya juu kuanza kugeuka rangi.

MASWALI MANNE YA KULIULIZA JANI

Mgonjwa akienda kwa daktari huulizwa maswali kabla ya kupewa dawa. Nasi tuliulize jani maswali manne.

Swali la kwanza: Ni majani gani yaliyoanza, ya chini au ya juu? Swali la pili: Kinachokauka ni ukingo wa jani, katikati ya mishipa, au ni madoadoa? Swali la tatu: Chini ya jani kuna nini? Wengi hutazama juu tu, hali wezi wengi hujificha chini. Swali la nne: Je, ni mmea mmoja, ni upande mmoja wa bustani, au ni bustani nzima?

Swali hili la nne watu hulisahau. Wadudu na ukungu kwa kawaida huanza mahali pamoja, kisha hutambaa. Bustani nzima ikibadilika kwa pamoja, shuku kile ambacho bustani nzima hukishiriki, yaani maji, udongo au upepo.

CHUMVI YA KISIMA

Sasa nakuja kwenye kiini cha maneno yangu. Wengi wetu twamwagilia kwa maji ya kisima. Lakini je, maji hayo matamu yamekaaje katikati ya bahari?

Mvua ikinyesha hupenya mchangani. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hivyo huelea juu ya maji ya chumvi chini kwa chini, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi, ila tu hayana mpaka mkali kama huo. Badon Ghyben wa Uholanzi, mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani, mwaka wa 1901, walieleza hesabu yake. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Waonaje hapo? Ina maana kwamba ukiyashusha maji ya kisima kidogo tu kwa kuchota mno, chumvi ya chini hupanda mara nyingi zaidi ya kile ulichokishusha.

Ndiyo sababu vilima vya mchanga vya Shela vina thamani kubwa kuliko vionekanavyo kwa macho. Mchanga ule hunywa mvua na kuihifadhi, na visima vya Shela vimeutilia maji mji wa Lamu kwa miaka mingi. Ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Manda, kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Mojawapo ya sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni maji ya visima kuingia chumvi. Basi mambo haya si ya matango peke yake. Mji mzima waweza kuhama kwa sababu ya kisima.

Turudi bustanini. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Tuseme maji ya kisima chako yana gramu 2 tu kwa lita, yaani yana ladha ya mbali. Ukiupa mtango mmoja lita 2 kwa siku, umeupa gramu 4 za chumvi. Jua likiwaka maji hupanda yakawa mvuke, lakini chumvi haina mabawa, husalia pale pale. Kwa siku 30 bila ya mvua, shina moja limetiliwa gramu 120 za chumvi. Hiyo ni chumvi ya kupikia pilau ya watu wangapi? Na mtango ni mmea mwepesi kudhurika kwa chumvi. Haufanani na mtende, ambao hustahimili chumvi nyingi.

Dalili zake ni hizi. Ukingo wa majani, hasa yaliyokomaa, hukauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Katikati, jani hubakia kijani, pengine kijani kilichokolea. Mmea hudumaa. Mchana hunyauka ijapokuwa mchanga una unyevu. Juu ya mchanga huweza kuonekana utando mweupe. Na dalili hizi hutokea bustani nzima, wala hutaona mdudu chini ya jani.

Jambo hili lilitokea kwetu, msimu mmoja wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua imekatika. Mama alikuwa na mashina 40 ya mitango, na fedha za matango hayo zilikuwa zimeshapangiwa kazi, mojawapo ikiwa ni karo yangu. Majani yakaanza kuungua kingo. Majirani wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na jina la dawa. Ami yangu akaja na chupa mkononi, na bomba la kupigia dawa amelikodi. Mama akamwambia kwa adabu, "Shemeji, ngoja kwanza." Kisima chetu kiko hatua chache tu kutoka kwenye mitango, na nyumba tano hunywa humo. Mama akachota maji alfajiri, akachota tena magharibi baada ya watu kuteka kutwa nzima, akatuonjesha sote pamoja na maji ya mvua yaliyokuwa kwenye mtungi. Hapakuwa na haja ya mtaalamu. Maji ya alfajiri yalikuwa na uchumvi wa mbali, ya magharibi yalikuwa na chumvi dhahiri. Ami akacheka, akaifunga chupa yake. Wadudu gani wangekufa pale, na hali hapakuwa na mdudu?

Tulichokifanya ni hiki. Tulianza kuchota alfajiri tu, kisima kikiwa kimepumzika usiku. Tuliyang'oa mashina 15 yaliyokuwa dhaifu ili yaliyobaki yapate maji ya kutosha. Tulifunika mchanga kwa majani makavu. Maji ya mvua tuliyokuwa nayo tukayatumia kuosha chumvi iliyokwisha kukusanyika kwenye mizizi. Hatukuvuna kama tulivyotarajia, na karo ilikamilishwa kwa njia nyingine. Lakini majani mapya yalitoka mazima, na zile nyumba tano zinakunywa maji ya kisima kile hadi leo bila ya wasiwasi wa sumu.

KINGA YA CHUMVI NA YA KIU

Kinga ni bora kuliko tiba. Haya ndiyo yafaayo kufanywa:

1. Vuna maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 likipata mvua ya milimita 10 hukupa lita 500, ukiondoa kidogo kipoteacho. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Yale majabia makubwa yaliyojengwa katika visiwa na pwani yetu ya Lamu ni ushahidi.

2. Tia matandazo. Majani makavu, nyasi au makuti yaliyooza yakitandazwa kuzunguka shina, maji hayakauki upesi, na chumvi haivutwi juu upesi. Acha nafasi ya vidole vinne hivi karibu na shina lisije likaoza. Usitumie mwani wa baharini ambao haujaoshwa, maana huo una chumvi yake.

3. Mwagilia kwenye shina, si kwenye jani. Maji ya chumvi yakikaukia juu ya jani huliunguza moja kwa moja.

4. Usinyunyizie kidogo kidogo kila saa. Maji machache hulowesha juu tu na kuiacha chumvi papo hapo penye mizizi. Ni afadhali umwagilie mara moja asubuhi, maji yashuke chini. Mvua ikinyesha, shukuru, kwani ndiyo iioshayo chumvi.

5. Jaribu mtungi. Chukua mtungi wa udongo usiotiwa rangi, uufukie hadi shingoni, upande mitango kuuzunguka, kisha uujaze maji na kuufunika. Maji hupenya polepole kwenye udongo wa mtungi na kufuata mizizi. Si uvumbuzi wa jana. Fan Shengzhi wa Uchina aliandika juu ya njia hii ya kulimia jamaa za matikiti katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Mbu hawapati kuingia, na maji hayapotei.

6. Kinga upepo. Wakati wa kusi upepo wa baharini huja na chembe za chumvi. Ukiona majani yameungua upande mmoja tu wa bustani, ule unaotazama bahari, jua ni upepo. Ua wa makuti watosha kuukinga.

UKUNGU WA NAMNA MBILI

Sasa tuseme umeonja maji na ni matamu kabisa. Basi tazama madoa.

Ukiona unga mweupe juu ya jani, kana kwamba mtu amelinyunyizia unga wa ngano, huo ni ugonjwa wa ubwiri unga. Huanza kwenye majani ya zamani na penye kivuli. Wala hauhitaji jani kulowa. Dawa yake ya nyumbani inashangaza. Mwaka wa 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazili alichapisha matokeo ya kutumia maziwa mabichi ya ng'ombe dhidi ya ugonjwa huu kwenye maboga machanga aina ya zukini. Maziwa yakiwa sehemu 1 katika sehemu 10 za mchanganyiko, yakinyunyizwa mara moja kwa wiki, yaliuzuia ugonjwa vizuri. Kwa hivyo kikombe 1 cha maziwa kwa vikombe 9 vya maji. Anza mapema, unga ukiwa mdogo.

Namna ya pili ni ubwiri vinyoya. Huu ni mbaya zaidi. Juu ya jani utaona madoa ya manjano yenye pembe pembe, kwa maana yamezuiliwa na mishipa ya jani. Ligeuze jani asubuhi na mapema, utaona vinyoya vya kijivu au zambarau. Baadaye madoa huungana, jani likakauka na kujikunja. Ugonjwa huu hutaka jani lililolowa saa kadhaa. Ndiyo maana kumwagilia majani jioni ni kuukaribisha nyumbani na kuutandikia mkeka. Umande wa usiku pekee watosha, nawe usiuongezee.

Kuna mbegu zilizotengenezwa ziweze kustahimili magonjwa haya, mathalani Ashley na Poinsett, na zote mbili huuzwa Afrika Mashariki. Lakini usilale ukakoroma. Huko Marekani wakulima walitegemea mbegu zenye kinga dhidi ya ubwiri vinyoya kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa 2004 ilipozuka namna mpya ya ugonjwa ikaivunja kinga hiyo. Mbegu nzuri ni ngao. Usafi wa bustani ndio upanga.

Usafi wenyewe ni huu. Acha nafasi ya sentimita 45 baina ya mashina na kama mita 1 baina ya mistari, hewa ipite. Usiache mitango ikatambaa chini, iparamishe. Simika fito mbili, kisha ufunge jarife kuukuu baina yake. Nyavu zisizofaa tena baharini hufaa mno bustanini. Majani yaliyougua yakate kwa kisu safi, lakini usikate zaidi ya thuluthi moja ya majani yote kwa wakati mmoja, usije ukaua jiko kwa kuogopa moshi. Yafukie mbali. Mavuno yakiisha ng'oa mashina yote, na msimu ufuatao usipande hapo mtikiti wala maboga, kwa kuwa ukoo mmoja hurithi maradhi. Panda kunde au mchicha.

WADUDU WA CHINI YA JANI

Geuza jani. Ukiona vijidudu laini vya kijani au vyeusi vimejazana kwenye majani machanga, na chungu wakipita pita, hao ni vidukari. Hufyonza utomvu, jani likajikunja. Ubaya wao mkubwa ni kubeba ugonjwa wa batobato, unaolifanya jani liwe na mabaka ya kijani na manjano na kukunjamana. Batobato la matango lilielezwa na wanasayansi wa Marekani mwaka wa 1916, na hadi leo halina dawa. Mmea wenye batobato hung'olewa.

Ukiona madoadoa madogo mno ya manjano juu ya jani, na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, hao ni utitiri. Wanapenda joto na ukavu, kwa hivyo wakati wao ni kaskazi. Ukiligusa jani wakaruka vijidudu vyeupe kama majivu, hao ni inzi weupe.

Kwa hawa wote anza na maji matamu. Osha chini ya majani asubuhi ili yakauke upesi. Wasipokwisha, tumia mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi. Twanga mbegu zilizomenywa maganda, tia gramu 50 katika lita 1 ya maji, lowesha usiku kucha, kisha uchuje kwa kitambaa na utie sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Nyunyiza baada ya alasiri, kwa maana jua kali huivunja nguvu ya dawa hii, lakini mapema kiasi cha majani kukauka kabla ya magharibi. Tena wakati huo nyuki huwa wamepungua mauani. Nyuki usimguse! Mtango wa kawaida una maua ya kiume na ya kike mbali mbali, na asipokuwepo mdudu wa kuchukua chavua, tango halijazi.

Wako wanaoshauri maji ya tumbaku, kwa kuwa tumbaku hulimwa huko Pate na kupatikana si kazi. Mimi sikubaliani nao. Nikotini ni sumu kali hata kwa binadamu, na tango twalila bichi.

NJAA YA UDONGO

Mara nyingine jani hulia njaa. Majani ya chini yakiwa manjano jani zima, polepole, na mmea umedumaa, huenda udongo umepungukiwa na naitrojeni. Sisi twamshukuru Mungu kwa punda wetu. Mbolea ya punda imejaa vichochoroni, na ukiizoa umelima na umesafisha mji. Lakini isitiwe mbichi. Ikusanye, ilowe, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara, ioze kwa miezi miwili au mitatu. Mbolea mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu.

Majani machanga ya juu yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi si kwamba chuma hakimo, bali chokaa ya matumbawe iliyo kwenye udongo wetu imekifungia mlango. Hapo mbolea iliyooza vizuri husaidia. Jivu la jikoni, ambalo watu wengi hulimwaga bustanini kwa furaha, huzidisha hali hiyo ya chokaa na pia lina chumvi chumvi zake. Penye udongo wa matumbawe, jivu litumiwe kwa uchache sana.

JE, DAWA YA DUKANI NI HARAMU?

Hasha! Simaanishi hivyo. Ipo siku itahitajika. Lakini mwenye kuinunua ahakikishe mambo manne. Kwanza, amejua adui ni nani, kwa sababu dawa ya wadudu haiui ukungu, na dawa ya ukungu haiui wadudu, na zote mbili haziondoi chumvi. Pili, dawa imesajiliwa na serikali na ina karatasi yake, si ile iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Tatu, asome siku za kungoja kabla ya kuvuna. Tango likishaanza huchumwa kila baada ya siku mbili tatu, na huliwa bichi pamoja na ganda lake. Ikiwa karatasi yasema ngoja siku 7, matango yatakayokomaa katika siku hizo hayauzwi wala hayaliwi. Nne, asichanganye dawa wala asioshe bomba karibu na kisima. Mchanga wetu haushikilii kitu. Mchanga unaopitisha mvua hadi kisimani hupitisha na sumu pia.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, ndugu msomaji, ukiona jani la mtango limekauka fuata mpango huu: hesabu umri wa mmea, onja maji, geuza jani, tazama kama ni shina moja au bustani nzima, kisha ndipo useme ni ugonjwa gani. Kazi yote hiyo haichukui nusu saa, na haigharimu hata senti.

Nawaomba wenzangu wenye bustani waanze juma hili hili kuonja maji ya visima vyao alfajiri na magharibi, waandike tofauti daftarini. Tukifanya hivyo wanafunzi wa Shela, Matondoni, Kipungani na mjini, tutajua ni visima vipi vinavyochoka na ni mwezi gani vinapochoka. Walimu wetu wa kilimo na jiografia nawaomba watusaidie kuyachora matokeo hayo kwenye ramani ili yabandikwe ubaoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nacho kisima kikishaingia bahari, ukuta wake haujengeki.